HISTORIA YA CHOO CHA BOTI (na kwa nini inakuhusu wewe mwenye mtoto wa nepi)

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nimeamka, chai ipo pembeni. Niliahidi kwamba wiki hii tutaongea historia ya choo. Nilitaka nianze na vyoo vya nyumbani, lakini mdogo wangu kanibadilishia mada.

Mdogo wangu ni fundi bomba hapa Tanga. Mwezi uliopita alipata kazi ambayo hajawahi kuifanya: kubadilisha choo ndani ya boti ya matanga. Wenye boti ni mke na mume, wageni, wanaishi humo humo na mtoto wao wa miezi minane. Choo chao kilikuwa cha kupampu kwa mkono, kimechoka, kinavuja, kinanuka. Wakanunua kipya, wakamwita kijana aje akifunge.

Kwa macho kazi ilikuwa nzuri. Sinki limekaa, pampu inavuta, hakuna hata tone. Alikuta mpira wa maji mrefu umepandishwa juu ukutani, ukazunguka, ukashuka tena chooni. Akaona ni uchafu wa kazi ya fundi wa zamani. Akaukata ukaenda moja kwa moja. Akalipwa, akarudi nyumbani na samaki.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Maji ya bahari yamejaa sakafuni mwa boti, yanafika kwenye vifundo vya miguu, yanazidi kupanda. Na mtoto alikuwa amelala na mama yake kwenye godoro la chini. Yule mama aliamka kwa sababu mkono wake ulioning'inia uligusa maji.

Mtoto mzima, namshukuru Mungu. Boti haikuzama. Lakini mdogo wangu alikuja kwangu ametetemeka, hata chai hakunywa. Akasema, "Dada, nimekata mita moja ya mpira tu. Mita moja!"

Basi nikaanza kusoma. Na nilichokuta ni kwamba ile mita moja ina historia ndefu, na historia yenyewe inaishia kwenye beseni lako la nepi. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2

Zamani chomboni hapakuwa na choo cha kufunga. Palikuwa na bahari.

Kwenye meli kubwa za matanga za Ulaya, mabaharia walijisaidia omo, yaani mbele kabisa. Paliwekwa mbao zenye matundu, unakaa, bahari iko chini yako. Kwa nini mbele? Kwa sababu meli zile zilipenda upepo wa kutoka nyuma, kwa hiyo harufu ilisukumwa mbele, mbali na watu. Na mawimbi yanayopiga omo yalisafisha yenyewe. Ndiyo maana mpaka leo mabaharia wa Kiingereza choo cha chomboni wanakiita "kichwa". Ni kumbukumbu ya mahali kilipokuwa.

Majahazi ya huku kwetu yalifanya kinyume. Kisanduku cha mbao kilining'inizwa nje, upande wa tezi, nyuma. Unaingia, unashika, unajisaidia juu ya maji. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalikuwa na visanduku hivyo, na safari haikuwa ya siku mbili. Mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kikuwait huko Aden, akaja nalo hadi Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Miezi na miezi. Fikiria wewe, una mtoto mgongoni, bahari imechafuka, na choo ni kisanduku kinachobembea nje ya chombo. Bibi zetu walisafiri hivyo.

Katikati ya bahari kuu hakikuharibika kitu. Kinaanguka, kinaenda. Tatizo linaanza chombo kikitia nanga bandarini. Hapo maji hayaendi mbali. Yanapwa, yanajaa, yanarudisha.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar. Alikuwepo daktari Mskochi, James Christie, aliyeishi pale na kuyaona kwa macho yake. Baadaye, mwaka 1876, alitoa kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, akafuatilia njia za misafara na za majahazi, akaonyesha ugonjwa ulivyotembea na watu. Ugonjwa hauna miguu. Unatembezwa na sisi, na kinyesi chetu.

Wazee wa pwani wanasema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni lile shimo la chini ya chombo maji yanapokusanyika. Maji yakiingilia mbele au nyuma, yote yanaishia chini pale. Shikeni hilo neno "marejeo".

SEHEMU YA 3

Sasa tuhamie nchi kavu kidogo.

Mwaka 1596 mtu mkubwa wa Uingereza, Sir John Harington, aliandika kitabu akieleza choo cha kuvuta maji. Alikuwa mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth I, na alimtengenezea malkia kimoja. Watu wakacheka. Choo hakikuenea kwa karibu miaka mia mbili. Tatizo moja lilikuwa hili: bomba lake halikuwa na kona ya kuzuia harufu. Uchafu unashuka, lakini harufu inapanda kwa njia ile ile.

Aliyelitatua hilo alikuwa fundi saa. Alexander Cumming, Mskochi aliyefanya kazi London. Mwaka 1775 aliandikisha choo ambacho bomba lake chini limepinda kama herufi S. Kwenye ile kona maji kidogo yanabaki daima. Yale maji ndiyo mlango. Uchafu unapita, harufu hairudi. Nenda sasa hivi uangalie chini ya sinki lako la jikoni, utaiona ile kona. Mafundi wetu wanaiita trapu. Ina zaidi ya miaka 240 na bado hatujapata iliyo bora.

Miaka mitatu baadaye, 1778, akaja Joseph Bramah. Huyu alikuwa seremala wa Yorkshire, kazi yake ikiwa kuwafungia matajiri vyoo. Aligundua vyoo vile vinaganda kwenye baridi, akaweka kifuniko chenye bawaba ndani ya choo: unavuta, kinafunguka, uchafu unashuka, kinajifunga. Vyoo vya aina yake vilipendwa, na vilitumika hata kwenye meli na boti.

Unaona kinachojirudia hapa? Kusukuma uchafu uondoke ilikuwa kazi rahisi, hata ndoo ya maji inaweza. Akili yote ya mafundi hawa ilikwenda kwenye kuuzuia usirudi.

Na kabla hatujawasifia Wazungu sana: kule Gedi, karibu na Malindi, magofu ya mji wa Waswahili uliostawi karne ya 15 yana vyoo ndani ya nyumba, na mahali pa kujisafishia pembeni yake. Na nyumba za zamani za Lamu ziliweka visamaki kwenye birika la maji ili wale viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu walijua kwamba maji ya ndani ya nyumba yanahitaji mlinzi.

SEHEMU YA 4

Sehemu hii ni ya akina mama hasa. Kama unanyonyesha, malizia kwanza, halafu rudi.

London, karne ya 19. Watu wengi wameanza kutumia vyoo vya maji. Raha tupu. Lakini vinamwaga wapi? Vingine kwenye mashimo chini ya nyumba, vingine kwenye mifereji inayoingia mto Thames. Na maji ya kunywa yanatoka wapi? Visima vilivyo jirani na mashimo hayo, na mto Thames huo huo. Kilichoondoka mlango wa nyuma kilirudi mlango wa mbele, ndani ya kikombe.

Mwishoni mwa Agosti 1854, mtaa wa Broad Street, nyumba namba 40, kulikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitano, Frances Lewis. Akaanza kuharisha. Mama yake, Sarah, alifanya ambacho wewe na mimi tungefanya: alibadilisha nepi, akaziloweka kwenye ndoo, akamwaga yale maji kwenye shimo la mbele ya nyumba.

Shimo lile lilikuwa hatua moja tu kutoka kisima cha mtaa. Matofali yake yameoza. Maji ya nepi yakapenya.

Frances alifariki tarehe 2 Septemba. Siku hizo hizo mtaa ukaanza kuanguka. Zaidi ya watu 600 walikufa. Daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani, akaona vinazunguka pampu ya kile kisima. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Mwezi huo huo baba yake Frances, askari polisi, naye akafa kwa kipindupindu.

Aliyegundua habari ya nepi ni mchungaji wa mtaa, Henry Whitehead. Mwanzoni alikuwa hamwamini Snow. Alizunguka nyumba kwa nyumba ili athibitishe kwamba daktari amekosea, na mwisho akathibitisha kwamba yuko sahihi.

Mama zangu, naomba tusimhukumu Sarah. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa anayehangaika na ndoo usiku. Ninamwona kila wiki wodini kwetu, ana sura nyingine na jina jingine. Ninapomuuliza, "Mama, kinyesi cha mtoto unatupa wapi?" ananijibu, "Nesi, huyu bado ananyonya, choo chake si kichafu." Jamani. Choo cha mtoto anayenyonya kinaweza kubeba vijidudu kama cha mtu mzima. Frances alikuwa na miezi mitano.

SEHEMU YA 5

Turudi majini, maana mdogo wangu bado anasubiri jibu lake.

Vyoo vilipoingia ndani ya vyombo, tatizo jipya likazaliwa. Nyumbani choo kiko juu, shimo liko chini. Ndani ya boti ndogo choo mara nyingi kiko CHINI ya usawa wa bahari. Ukikaa pale, bahari iko juu yako, nyuma ya ukuta. Na umetoboa ule ukuta mara mbili: tundu moja la kuingiza maji ya kusafishia, jingine la kutoa uchafu.

Dunia ilipewa somo kali tarehe 14 Aprili 1945. Nyambizi ya Kijerumani, U-1206, ilikuwa chini ya maji karibu na pwani ya Uskochi. Ilikuwa na choo cha kisasa, kinachoweza kutoa uchafu hata nyambizi ikiwa kina kirefu, kwa mpangilio wa valvu ambazo zilihitaji mtu aliyefundishwa kuzifungua na kuzifunga. Siku ile kukatokea hitilafu, maji ya bahari yakaingia kwa nguvu kupitia choo. Yakafika kwenye betri. Maji ya chumvi na betri yakatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Ikabidi waibuke juu, wakashambuliwa, chombo kikaachwa kikazama. Watu wakafa. Nyambizi nzima, kwa sababu ya choo.

Sasa ile mita moja. Maji hutafuta usawa wake. Ukiunganisha bahari iliyo juu na sinki lililo chini kwa mpira ulionyooka, na mkono wa kufungulia maji ukaachwa wazi, bahari itaingia polepole mpaka sinki lifurike. Kwa hiyo mafundi wa boti wanaupandisha mpira juu ya usawa wa bahari kwanza, kisha unashuka. Maji hayapandi kilima yenyewe.

Lakini kuna ujanja mmoja. Umeshaona mtu akivuta petroli kwenye dramu kwa mpira? Ananyonya mara moja, ikishapita juu inashuka yenyewe bila kukoma. Ukipampu choo cha boti, maji yakishavuka kile kilima yanaweza kuendelea kujivuta usiku kucha. Ndiyo maana juu kabisa ya ule upinde wanaweka kitundu chenye kivalvu kidogo cha kuingiza hewa. Hewa ikiingia, mvuto unakatika, maji yanarudi yalikotoka.

Mdogo wangu aliukata upinde na kitundu chake. Usiku baba wa familia alitumia choo, akasahau kurudisha ule mkono, na koki ya kwenye ubavu wa boti ilibaki wazi. Makosa matatu madogo yakakutana saa kumi na moja alfajiri kwenye godoro la mtoto.

SEHEMU YA 6

Alirudi kurekebisha, hakutaka pesa. Nilimsindikiza, maana na mimi nilitaka kuona. Kwa wenye waume wavuvi au watu wa boti, haya ndiyo niliyojifunza:

Kabla hujanunua choo kipya, pima nafasi, halafu chagua. Cha kupampu kwa mkono ni rahisi na hakitaki umeme. Cha umeme ni raha ila kinakula betri. Kuna kikavu kinachotenga mkojo na kinyesi, hakitobolewi tundu lolote la maji, ila lazima umwage mwenyewe kwa utaratibu.

Mpira wa kuingiza maji kwa kawaida ni milimita 19, wa kutoa ni 38. Nunua mpira uliotengenezwa kwa maji machafu, wa kawaida unapitisha harufu. Kila ungio klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Pembeni ya kila koki funga kigingi cha mti laini kwa kamba, koki ikivunjika unakipigilia. Upinde uwe juu ya usawa wa maji hata boti ikilala upande. Na ukitoka, au ukilala, FUNGA KOKI.

Na uchafu uende wapi? Kwa meli kubwa zinazosafiri kimataifa, sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 2003 inasema kinyesi ambacho hakijatibiwa kisimwagwe isipokuwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na meli ikiwa mwendoni. Marekani hata boti ndogo zenye choo zinabanwa: ndani ya maili 3 hairuhusiwi kumwaga kinyesi kibichi, unakiweka kwenye tenki, unakwenda kunyonywa bandarini. Boti ya wale wageni ina tenki, ila lilikuwa halijaunganishwa miaka mingi. Mdogo wangu akaliunganisha. Pale walipotia nanga watoto wa mtaa wanaogelea kila jioni.

Sasa wewe usiye na boti. Kazi ni ile ile, kuzuia marejeo:

1. Kinyesi cha mtoto kiingie CHOONI, hata kama ni cha mtoto wa wiki mbili. Kama ni pampasi, kikung'ute chooni kwanza, ndipo uifunge na kuitupa panapochukuliwa taka. Usiitupe ufukweni wala mtaroni.

2. Maji uliyolowekea nepi yamwage chooni, mbali na kisima, mbali na ndoo ya kunywa.

3. Osha mikono yako kwa sabuni ukishamsafisha mtoto, kabla hujagusa titi, chupa au sufuria. Na mikono yake pia.

4. Ukijenga, choo cha shimo na kisima visiwe majirani. Muulize bwana afya wa eneo lako umbali unaotakiwa kabla fundi hajachimba.

5. Trapu ikikauka, harufu inarudi. Bafu lisilotumika limwagie maji mara moja moja.

6. Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha. ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, ikipita saa 24 mwaga, tengeneza nyingine. Vidonge vya zinki mpe siku zote ulizoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au ukiona damu chooni, usingoje asubuhi. Njoo. Hata saa nane usiku tupo.

Nimalizie na mdogo wangu. Alipomaliza kufunga upinde upya aliiomba ile familia ilale kwetu usiku mmoja. Yeye akabaki botini. Akafungua koki, akauacha ule mkono wazi makusudi, akalala kwenye lile godoro la chini na mkono ameuning'iniza sakafuni. Asubuhi nilimpigia.

"Vipi?"

"Mkavu, dada."

Mtoto wa wale wageni alikuwa mapajani kwangu anakula uji, ndevu nzima uji. Nikamwambia mama yake mnaweza kurudi.

Wiki ijayo nitawaletea historia ya ORS, chumvi na sukari vilivyookoa watoto wengi duniani. Kama una swali la mtoto wako, niandikie hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Usiku mwema, na kabla hujalala, ile ndoo ya nepi iko wapi?